Simu Iliyowekwa Mbele ya Sheikh

Mpondwe, Bwera,
Kasese.
16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Hakim,

Asalaam alaikum. Mtu akiandika barua huanza kwa kuuliza hali, nami sitaki useme dada yako hana adabu. Basi nauliza: u mzima? Baridi ya Istanbul haijakuumiza? Usijisumbue kujibu. Picha zako nimeziona, umevaa koti jipya na umeshika kikombe cha chai. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mioyo usiiulize.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu karatasi haiombi data. Atakuletea Asmah, jirani yetu, anayekuja huko kuchukua mzigo wa nguo. Yeye amesafiri mara nyingi na hajatupotea hata siku moja, maana akishuka kwenye ndege hununua laini ya huko kabla hata ya kutafuta chakula.

Kabla hujaondoka nilikusihi mambo mawili. Kwanza, ununue laini ya huko au kabla ya safari uwashe roming ili laini ya hapa ishike huko. Pili, umwachie Baba Mdogo Abubaker wakala, yaani idhini, amwoze mdogo wetu Hidayah kwa niaba yako. Marehemu baba hayupo, walii wake, mwenye haki ya kumwoza, ni wewe. Ulinicheka mbele ya watu. Ukasema, "Dada, mimi naendaka inje kila siku. Kasindi si inje? Simu yangu inashikaka tu!"

Kweli, Hakim, Kasindi ni Kongo. Lakini Kasindi ni ng'ambo ya daraja tu, ukiwa pale minara ya simu ya kwetu unaiona kwa macho. Hilo ndilo kosa letu watu wa Bwera, tunavuka mpaka asubuhi na laini zetu mfukoni, tunarudi jioni, halafu tunadhani dunia nzima iko hivyo. Wewe ukajaza data chungu nzima kwenye laini ya hapa, ukapanda ndege ukiwa umevimba kichwa. Ulipofika huko data yote ikawa haina kazi.

Na wakala je? Nani alikuzuia kumpa? Ulimnyima Baba Mdogo kwa sababu ulitaka watu wakuone wewe, uso mkubwa kwenye skrini, ukimwoza mdogo wako kutoka nchi ya mbali. Ukatuagiza tukodi skrini. Tukakodi, wajinga sisi.

Ijumaa ile ya kwanza iliyopangwa ndoa, uwanja wetu ulijaa. Watu wa bwana arusi, Ziyad, walitoka Kasese mjini, wengine Rukoki, na kanzu zao zimenyooka. Sheikh akaketi mkekani, simu yangu ikawekwa mbele yake juu ya mto, kama mgonjwa. WhatsApp ikazunguka, ikazunguka. Tukapiga ya kawaida. Hupatikani. Spika zilikuwa wazi, kwa hiyo uwanja mzima ulimsikia yule mwanamke wa kwenye simu akitutangazia kwamba hupatikani, na watoto wakaanza kumwigiza.

Mama yake Ziyad akasimama. Akasema kwa sauti, "Bibi arusi iko, bwana arusi iko, mwenye kutoa ndiye hakuna? Basi batatupigia." Wakaondoka bila kugusa pilau. Baadaye wakatuma neno kwamba wanangoja Ijumaa moja tu. Ikipita, kuna binti wa watu kule Karusandara. Hidayah aliifuta hina kwa mchanga mpaka mikono ikachubuka. Nilimshika mikono ile, Hakim, na nilikuchukia. Nakuambia wazi.

Halafu ukapata waifai ya hoteli. Nikashukuru, nikajua sasa utasema neno moja tu, "Baba Mdogo, nakupa wakala," na yaishe. Badala yake ukatuma sauti: "Munisubiri nirudi. Hakuna mutu ataoza bila mimi." Ukazima tena. Picha ya chai ulipata nafasi ya kuiweka.

Sheikh aliisikiliza sauti hiyo mara mbili. Akasema walii aliye mbali anayezuia ndoa bila sababu, nafasi yake inashikwa na kadhi. Kwa hiyo juzi Ijumaa Hidayah aliozwa na kadhi, mtu baki ambaye hata jina la babu yetu ilibidi aulize. Baba Mdogo aliketi pembeni akijipangusa macho. Ana damu ya baba yetu, na hakuwa na ruhusa.

Sasa sikiliza. Tulikuwa chumbani na wanawake, tumeshaulizwa kama bibi arusi ameridhika, simu yake ikalia. Ulikuwa wewe, uso mzima kwenye kioo, na picha safi ajabu. Nilinyoosha mkono niipeleke nje kwa sheikh na kadhi. Nakiri, bado nilitaka uwe wewe. Hidayah akaiwahi. Akakutazama kidogo, akakata, akaizima kabisa. Akaniambia, "Dada, baambie baendelee. Huyu iko safari."

Mama anakusalimu, kwa sababu ni mama. Ziyad anakusalimu kwa heshima kuliko unavyostahili. Baba Mdogo nilimuuliza kama ana salamu, akachukua jembe akaenda zake shambani Kitswamba.

Allah akulinde na baridi na barabara za watu, akurudishe salama, nikuseme uso kwa uso. Ukifika utaninyamazia mpaka nimalize.

Usihangaike kumpigia Hidayah. Ile laini uliyompigia juzi ameivunja. Ana mpya, ninayo namba yake. Nilimuuliza kama nikuandikie hapa chini. Akasema nikuache nafasi tupu.

Namba ya Hidayah:

Ni mimi dada yako, nakupenda na nimekasirika,
Mastula