Mume Wangu Ameichonga Plasta kwa Tezo

Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu kisha unisaidie, kwani nimefungwa mdomo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mume wangu Mativo ni mchongaji wa vinyago hapa Makadara, na mwezi wa Aprili gogo la mpingo liliporomoka kutoka kwenye lori likamvunja mguu chini ya goti, akapasuliwa hospitalini akatiwa chuma na plasta, na daktari alitaka abaki wodini lakini kipindupindu kilipoingia mjini vitanda vikahitajika, wakamruhusu aje nyumbani na kumpa tarehe ya kurudi kuangaliwa. Tarehe ikafika akakataa, kwani majirani walisema anayeingia huko siku hizi hutoka amebebwa, na kusema kweli hata mimi niliogopa nikanyamaza. Sasa mchongaji huketi chini na kuushika mti kwa nyayo, na plasta haikumruhusu, basi siku moja nilipotoka sokoni nikamkuta ameichonga yote ikatoka kwa tezo yake ya kuchongea, bila hata kujikwaruza, na ameshaanza twiga. Nikamuuliza, "Baba Koki, nani amekuambia umepona?" Akasema, "Mimi najua mti ulioshikana na usioshikana. Mfupa ni vivyo hivyo." Tangu hapo mguu unapinda, mshono unatoa usaha, ana homa, lakini ameniapisha kwa Biblia nisimwambie mtu, hasa kaka yake Matheka ambaye ni dereva na angempakia garini kwa nguvu. Nampenda mume wangu na namwogopa Mungu. Nikivunja kiapo nitakuwa mke wa namna gani?

Nthambi, Makadara

Pole, mama. Sasa nisikilize.

Uliapa usimwambie mtu, kisha ukaniandikia mimi na gazeti zima. Kiapo kimekwisha kuvunjika, na Matheka ni mtu mmoja tu wa kuongeza. Majina yenu nimeyabadilisha, hilo ndilo nililoweza.

Mume wako anajua mti, simbishii. Lakini mti haupati homa. Nilimsomea daktari mmoja barua yako, naye akasema usaha penye chuma si wa kungojea: huenda wakampasua tena, huenda mguu ukabaki mfupi kidogo, na mkizidi kukaa huenda wakaukata. Mguu mfupi utamchechemesha, lakini atachonga.

Hofu yenu ya kipindupindu naielewa, ila mmeielekeza pabaya. Ugonjwa huo huingia kwa maji na chakula kichafu, na unaweza kuwapata hapo hapo Makadara. Ulinyamaza ulipopaswa kusema, na hapo nakulaumu. Akilazwa, chemsha maji yake uyatie kwenye thamosi, mpelekee chakula kingali moto, na mnawe mikono kwa sabuni.

Barua yako imekaa njiani, na gazeti nalo limechelewa kukufikia. Liweke chini sasa hivi uende kwa Matheka, aje na gari. Mume wako atakasirika, pengine hatakusemesha wiki nzima. Mwache anune, akiwa na miguu yake miwili.