Nani Alimwambia Gentille?

Koko Antoinette mpendwa,

Nisaidie, sijui tena nimwamini nani. Mi ni Orpa, mshonaji hapa kambi ya Dzaleka, nashona na Gentille tangu tulipofika, meza moja, mashine moja, na kwa simu nafundisha bamama ba mtaa wa Chinsapo, kule mjini, kuchora patron ya kukatia nguo, nachora humo humo nikieleza na simu inarekodi ekra, kioo chake, dakika tatu, natuma kwa groupe. Programu ya kurekodi alinipa Aristote, kijana wa hapa kambini, kwa Bluetooth, ya bure, ikaniomba ruhusa ya namba zangu zote na mesaje, nikakubali tu, halafu juzi nikapata mesaje ya kuitwa kwa mahojiano ya kwenda ng'ambo, sikumwambia mtu nje ya nyumba, unajua hapa bantu banaficha mpaka siku basi inakuja kubachukua, kumbe jana Gentille akaniuliza, "Utaniaga, ama nitaona tu kiti kitupu?" na hasemi nami tena. Koko, naona Aristote anasoma simu yangu na kumpelekea habari. Nimshitaki polisi?

Orpa

Orpa,

Tangu Pasaka sijakuona, na mlango wangu unaujua. Leo una shida njo unakumbuka niko hai. Haya.

Usishitaki mtoto wa bantu. Fortunée, anayenisomea barua, iko ndani ya groupe yako, na Gentille pia iko humo. Alinionyesha somo la kola. Unachora vizuri kabisa, halafu ile mesaje ya mahojiano inashuka kutoka juu ya ekra, inakaa, inapanda. Bamama bote baliiona! We mwenyewe ulituma bila kuangalia.

Lakini huyo Aristote pia simwamini. Kitu cha kurekodi ekra kinatafuta nini kwa namba za bantu? Kifute leo. Fortunée anasema simu nyingi ziko na programu ya kwake ya kurekodi: vuta ekra kutoka juu, itafute. Kwanza funga mesaje zisishuke. Jaribu kidogo, usikie kama sauti inaingia. Somo likiisha, liangalie lote mbele ya kutuma. Na lile la kola liondoe kwa groupe.

Sasa Gentille. Unaenda, sawa, angefurahi nawe. Lakini aisome kwa simu, pamoja na bamama asiobajua? Miaka yote meza moja, na unamficha kama mwizi! Nenda kwake leo, useme "nimekosa." Habari ya Aristote usiitaje.

Jumapili baada ya ibada, njoo naye kwangu. Mwache yeye aongee kwanza.