Siku nne melini, baba na mama peke yao

Shosti, hii hutaamini. Mimi mwenyewe nimekaa tu hapa, siamini.

Anneth wa Kwa Mrombo si alitaka kuwapeleka wazazi wake Misri, walale kwenye meli ya Mto Nile kusherehekea miaka thelathini ya ndoa? Leo wametoka kanisani, wanakula ndizi za machalari, akawaambia.

Mama yake akauliza, "Na nani mwingine anakwenda?"

"Hakuna, mama. Wewe na baba tu."

"Siku nne? Sasa mimi na huyu tutaongea nini?"

TUTAONGEA NINI!! Na hakutania, shosti. Tangu waoane nyumba ile haijakosa wapwa, mashemeji, wageni kutoka Machame.

Anneth akamgeukia baba yake, akijua atafoka. Mzee akamenya tu parachichi lake taratibu. "Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo, mama Anneth."

Mama akamsogezea chumvi. Wakaendelea kula!!

Wakala wa safari anataka jibu leo. Anneth ameshika simu, hana machozi, hana hasira, hana kitu.

Ungekuwa wewe ungewapeleka, au ungewaacha na wageni wao?