Mvua Imenikamata Bondeni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nnajua miezi minne hujapata barua yangu, na kila posta ikifika Maskati unamtuma mtu akaulize. Nisamehe.

Leo sina zamu hospitalini, nikaja kutembea peke yangu kwenye bonde hili unaloliona kwenye picha ya kadi hii. Huku vijia vya miguu vinapita katikati ya mashamba ya watu na hakuna anayekufukuza. Vilima ni kijani mpaka juu kabisa. Wewe uliyezoea majabali matupu ya hapo ungesema naongopa. Basi mvua ikanikamata, viatu vikajaa tope. Bibi mmoja wa Kiingereza, mfuga kondoo, akaniita jikoni kwake, akanipa chai na soksi kavu za marehemu mumewe.

Akaniuliza, "Mama yako anajua uko wapi?"

Nikalia. Nikamwambia kweli yote: mtihani wa uuguzi nimeanguka, na nnaona haya kumwandikia mama.

Akasema, "Mwanangu yuko Australia, mwaka wa pili huu kimya. Mimi sitaki kitu kwake ila kujua kama ni mzima."

Akanitolea kadi hii na stempu, akaketi mbele yangu. Bado yupo, ananitazama ninavyoandika.

Mimi mzima, mama. Mtihani naurudia baada ya mwezi. Niombee dua, na umbusu Bibi hapo nyumbani mikono kwa niaba yangu.

Mwanao,
Zuwena