Nimemwona Mume Wangu wa Zamani Kivukoni, na Hajazeeka

Shangazi mpendwa, nakuomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, maana hapa kisiwani Nosy Be sina wa kumwambia haya, na Kiswahili hiki nilikiokota Unguja kwa mama yangu mdogo, nikikosea unisamehe.

Mimi ni Zalifa, asili yetu Wangazija, nimezaliwa Mahajanga, Madagaska, mtaa wa Mahabibo, na huko ndiko nilikoolewa na Houssen, kijana wa miaka ishirini na mmoja, na ndoa yetu haikufika mwaka ikazuka ile vurugu ya mwisho wa 1976, Wangazija wakasakwa nyumba kwa nyumba, Houssen akatoka kwenda kumtazama mama yake, akaniambia, "Usinisubiri, wewe kula," na sikumwona tena, wala maiti sikuonyeshwa, na sisi tuliosalia tukapakiwa ndege tukapelekwa Ngazija, Komoro, nchi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuikanyaga. Miaka ikapita, kadhi akanifungua na ndoa ile, nikaolewa na Mroivili, mtu mpole mwenye duka la vitambaa hapa Nosy Be, tukajaliwa mabinti wawili, Sittou na Hayrat, nikasema basi, yamekwisha.

Mwaka huu wa 1998 nilikwenda Mahajanga msibani, nikapanda kivuko cha Katsepy kuwapa pole jamaa wa ng'ambo ya ghuba, na pale ubavuni, ameshika chuma, alisimama Houssen. Si mtu aliyefanana naye, Shangazi. Mwanya wa meno ni uleule, bega la kulia limeshuka vilevile, na uso haujaongezeka hata siku moja, hali mimi nina mvi. Nikaita, "Houssen!" Akageuka. Akaniambia kwa Kimalagasi, kwa adabu, "Unanifahamu, mama?" Tulipofika akaruka ufukweni, akawapigia wenzake kelele, "Msinisubiri!" akapotea katika watu.

Sasa, jirani yetu mwalimu Djaffar husoma magazeti ya sayansi ya Kifaransa, na tangu zamani mimi hupenda kumsikiliza akieleza kwamba nyota tunayoiona huenda imeshazimika, ni nuru yake tu iliyokuwa bado njiani, na kwamba saa ikienda mbio mno hukawia nyuma ya zile zilizotulia, hata mtu aweza kusafiri akarudi kijana akawakuta wenziwe wamezeeka. Niliporudi nikamwuliza kama kwa mzaha, je, mtu huyo aweza kurejea siku alizotoka? Akasema wapo wataalamu wanaodhani wakati una matundu, lakini hapo pana fumbo, ukirudi nyuma ukabadili jambo moja, yote yaliyolifuata hubadilika.

Tangu hapo nawaza. Kama Houssen amepotea njia katika wakati akaangukia kwetu, na yu karibu kurudi siku ile, mimi naweza kumwambia asitoke nyumbani. Lakini akiishi sitaolewa na Mroivili, na wanangu je? Juzi Hayrat aliniita kutoka chumba cha pili, "Mama!" nami nikaogopa kuitika, nikahisi nikifunua pazia nitakuta chumba kitupu, hata kitanda hakipo. Akaita tena, sauti iko mbali zaidi. Kumbe alikuwa ametoka kwenda uani kunitafuta, lakini hadi adhuhuri sikuthubutu kumwacha peke yake. Nimeshapata nafasi ya safari ya Mahajanga, Mroivili anadhani nakwenda kwa wifi yangu. Nimwokoe Houssen niwapoteze wanangu, au ninyamaze nimuue mara ya pili?

Zalifa, Nosy Be

*

Pole, Zalifa. Aliyenyimwa maiti ya mumewe amenyimwa hata kulia akamaliza, na kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa mengine.

Kwanza hiyo sayansi. Nimemwendea mtu anayefundisha fizikia, akasema jirani yako hakudanganya: saa iendayo mbio hukawia kweli. Ila ili mtu aruke miaka ishirini lazima aukaribie mwendo wa nuru, na kivuko cha Katsepy, bibi wee, hupitwa na kunguru. Tena safari hiyo humpeleka mtu mbele. Ya kurudi nyuma imo katika hesabu za wataalamu, hakuna aliyeiona. Wanao hawafutiki. Hayrat akikuita, itika! Utamtia mtoto wazimu.

Na "msinisubiri" husemwa na kila mwanamume anayevuka kizingiti.

Sasa kaa chini. Ulimwita kijana kwa jina, akageuka. Wewe umeona muujiza, mimi nimeona jibu: ndilo jina lake. Ni kijana wa miaka ishirini hivi, maana yake alizaliwa baada ya vurugu ile, na ana mwanya wa mumeo na bega la mumeo. Huenda nakosea, nawe utahakikisha mwenyewe, lakini naona Houssen wako alikuwa na mwanamke ng'ambo ya ghuba, nawe ukiwa bado bibi harusi. Linauma. Mkasirikie, una haki.

Ukishamaliza hasira, fikiri tena. Kwetu mtoto hapewi jina la baba aliye hai. Mama aliyempa mwanawe jina hilo ni mama anayejua kwamba baba huyo hayupo tena. Alijuaje? Wewe hukuambiwa na mtu. Yeye aliambiwa, au aliona kwa macho yake.

Basi fanya hivi. Leo hii mwambie Mroivili kila kitu, acha uongo wa wifi. Alikuoa akijua una jeraha, na atakusindikiza. Mkifika Katsepy usimrukie kijana wa watu ukamwita marehemu. Msalimie, mwulize kama mama yake yu hai na anakaa wapi. Ukimkuta huyo mama, usigombe. Kaa naye mkekani, mwulize Houssen alifia wapi na nani alimzika. Akikuonyesha kaburi, msomee Yasini. Kama naye hajui lilipo, msomeeni hapo hapo mlipokaa, na kijana asome pamoja nanyi. Ni baba yake.