Mchumba wa Dada Ameshafika Jumapili

Weee, acha unachofanya usome hii. Dada yangu anaweza kukosa mume kwa sababu ya mpira!

Leo jioni mchumba wake, yule Mpole wa ng'ambo, kapiga simu ya video kuleta posa rasmi kwa mjomba. Dada kajipamba, kakaa ukingoni mwa kochi kama anayesubiri sindano.

Mpole kasalimia vizuri, kisha akajiponza. "Samahani kwa miayo, mjomba. Huku kwetu Jumapili imeshaingia."

JUMAPILI! Mjomba akaisogelea simu mpaka pua ikakijaza kioo. "Kumbe! Basi mechi yetu ya leo Jumamosi usiku imeishaje?"

"Bado haijachezwa, mjomba."

"Jumamosi kwako imeisha, haijaisha?"

"Imeisha."

"Sasa unanificha nini?"

Maskini akaeleza dunia inavyozunguka, jua linavyoanza kuchomoza kwao. Wapi! Mjomba akamgeukia dada. "Mama, mtu anayeninyima matokeo, wewe atakupa nini?"

Dada, machozi yakimlenga, akamkonyeza mchumba: sema chochote!

Mpole akajitosa. "Mbili bila, mjomba. Mmeshinda."

"Huyu ndiye mkwe! Posa nimepokea!"

Basi sasa hivi ni dakika ya themanini, bila bila. Mjomba katulia, miguu juu ya meza, anatuambia tusipige kelele, mabao yako njiani.

Dada, ambaye hajawahi kutazama mpira maishani mwake, kapiga magoti mbele ya televisheni, anapiga mayowe: "Refa, toa penalti, mwenzio nina harusi!"