Wimbo wa Kupitisha Mawe

Jumatatu, 15 Oktoba 1984
Mawe tena. Mgongo umekataa kunyooka. Mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi, wanawake watupu, tunajenga ukuta katikati ya mto mkavu. Mvua ikija, ukuta uzuie mchanga, na mchanga utuwekee maji ya kiangazi. Tunapanga mstari, jiwe linapita mkono kwa mkono, mimi naimbisha. Leo tumekwenda mbio. Raha tupu!

Jumatano, 17 Oktoba
Mzee Ndunda wa kanisa letu amekuja mtoni na tai yake. "Mama Mutua, hiyo ni wimbo ya ngoma. Ukiendelea, Meza ya Bwana usiguse." Mkewe, Mama Mbithe, alikuwa mstarini na jiwe mkononi. Akatazama chini. Nina hasira. Lakini naogopa kutengwa. Nimekubali.

Alhamisi, 18 Oktoba
Tumeimba nyimbo za kanisa. Balaa. Neno linavutwa weee, na jiwe limekwama mkononi likingoja liishe. Mpaka saa sita, hata safu moja hatujamaliza. Mwenzetu Syokau akaharakisha wimbo, kiuno kikamponyoka. Tukacheka hadi tukakaa chini. Sasa dhambi ni ipi hapo?

Jumanne, 23 Oktoba
Radi alfajiri. Ukuta bado uko magotini. Mto ukija hivi utabeba kazi yote, turudi kuchimba mchanga kutafuta maji mwaka mzima. Wenzangu walinitazama. Nikaimba. Ule ule wa zamani, na maneno yote, hata ya kumcheka mume mvivu. Mawe yaliruka! Mzee alisimama ng'ambo, akaondoka. Sijali. Uongo, najali sana. Lakini furaha niliyokuwa nayo!

Ijumaa, 26 Oktoba
Tumemaliza! Sauti imekauka. Nasema kwa mikono.

Jumamosi, 27 Oktoba
Mto umekuja! Mwekundu, unanguruma. Ukaruka juu ya ukuta, ukapita, na ukuta UMESIMAMA. Tumelia, tumebebana, matope mpaka kwenye nywele. Sijawahi kufurahi hivi, hata siku ya harusi.

Jumapili, 4 Novemba
Jina langu limesomwa kanisani. Nimetengwa. Nikahamia benchi la nyuma, lisilopewa mkate wa Meza ya Bwana. Nilikuwa peke yangu. Kisha Mama Mbithe akaja akaketi kando yangu. Kisha Syokau. Kisha mwethya wote. Mzee Ndunda alifika na sinia, akamtazama mkewe, akageuka. Mkate ulibaki mwingi.